Mtu wa Kupigiwa Simu

Alhamisi jioni kitinda mimba alibandika karatasi nne ukutani, juu kidogo ya cherehani ya mama yake, akaomba zisibanduliwe mpaka Jumamosi ipite.

"Ukuta huo nilipaka rangi kwa mikono yangu," mama akasema, macho yake yakiwa kwenye kifungo alichokuwa akikishonea.

"Nitaupaka tena."

"Kwa mkono upi? Huo wa kuandika orodha?"

Mtaani walimwita Mama Sindano, na aliyedhani jina hilo limetokana na kazi tu alikuwa bado hajampelekea kitambaa pungufu. Binti alikwishamzoea. Akasogeza kiti, akamvalisha mama yake miwani mwenyewe, akamwelekeza ukutani.

"Soma, mama. Kama kuna nilichosahau niambie leo, siyo Jumamosi."

Orodha ilianza na chumba. Nyaya zote za taa zibandikwe sakafuni kwa utepe wa gundi, mtu asijikwae. Kila stendi ya taa iwekewe mfuko wa mchanga miguuni. Pasi ikae mbali na pazia. Mtungi wa kuzimia moto uwe mlangoni, usifungiwe stoo. Kisha ikaja kwa watu: mwanamitindo awe ametimiza miaka kumi na minane, aje na mtu wa kwao, ale kabla ya kazi kuanza, apumzike kila baada ya magauni mawili. Nyuma ya pazia la kubadilishia nguo aingie yeye na mvishaji tu, na simu isivuke pazia hilo hata kama inaita. Saa kumi na moja gari liwe limeshamchukua kumrudisha nyumbani.

"Yote haya ni ya kupiga picha?"

"Ya kupiga picha na kila mtu arudi kwao mzima."

"Sisi tulisimama mbele ya ukuta, tukaambiwa tucheke, yakaisha."

"Na wewe hukucheka. Picha ninazo."

Binti alikuwa mratibu katika studio ya picha. Mwaka uliopita, mahali pengine kabisa, taa iliyosimamishwa ovyo ilimwangukia msichana begani mbele ya macho yake, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kuziba nyufa kabla hazijawa kuta. Chumba cha Jumamosi alikipata bure, fidia ya likizo ambazo hakuzichukua. Kilikuwa cha siku hiyo moja tu. Na barua ya duka kubwa la nguo ilikuwa haina mzaha: picha za magauni sita, mbele na nyuma, yakiwa yamevaliwa na mtu, zifike kabla ya Jumatatu. Wakiyapenda, magauni yatatundikwa dukani yakiwa na kitambulisho cha kitambaa chenye jina la fundi shingoni. Mama Sindano alikuwa ameshonea majina ya watu wengine miaka thelathini.

Karatasi ya nne ilikuwa na mstari mmoja ambao haujawekewa alama: vipimo vya mwanamitindo vilinganishwe na magauni.

"Hili vipi, mama?"

"Weka alama. Vipimo vipo."

Kalamu ya binti ikasita. Mwenye gari alikuwa amemwonyesha leseni. Mpiga picha alikuwa amebeba mifuko ya mchanga mmoja mmoja mbele yake. Lakini utamwambiaje mama yako, fundi aliyekusomesha kwa sindano, akuthibitishie kwamba gauni lake litamkaa mtu? Adabu ikamzuia. Akaweka alama.

Vipimo vilikuwepo kweli. Vilikuwa vya mtu mwingine.

Kwenye kona ya chumba kile cha kushonea lilisimama sanamu la kupimia nguo, limevimbishwa kwa matambara na kufunikwa turubai jepesi. Mama Sindano alilitengeneza miaka saba nyuma, kwa umbo la kifungua mimba wake alipokuwa na miaka kumi na tisa: kiuno cha kushikika kwa viganja viwili, nyonga ndogo, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Wateja wake wengine aliwapima kwa futi kama kawaida, na akiwa na haja ya sanamu alitumia la kuazima. Lile hakuligusa tambara hata moja. Kifungua mimba mwenyewe alikuwa ameondoka nyumbani mwaka wa tano huo, na hakuna aliyelitaja jina lake mezani.

Magauni yote sita yalikatwa kwenye sanamu lile. Tusimsingizie mama wa watu; hakukusudia kuharibu kazi. Alijua wanamitindo ni wembamba, akajiambia wembamba wote ni mmoja, na alijiambia hivyo kwa sababu alitaka iwe hivyo. Alichokitaka hasa kilikuwa kitu kingine. Magauni yangetundikwa kwenye kioo cha duka, barabara kubwa, watu wakipita. Siku moja angepita pia binti mmoja, angeinua macho, angeona bega la kushoto limeshushwa kwa upana wa uzi mmoja, na angejua limeshushwa kwa ajili ya nani. Mwenye mdomo wa kusema nisamehe husema. Mama Sindano alikuwa ameujaribu mdomo wake miaka mitano ukamkatalia, basi akashona.

Maana ulimi ndio uliomponza. Siku mchumba wa kifungua mimba, kijana fundi bomba, alipokuja na wajomba zake kujitambulisha, Mama Sindano hakusimamisha cherehani. Wageni walisalimia, yeye akashona. Walieleza walichojia, yeye akashona, mgongo wake ukiwatazama, mpaka mzee mmoja akakohoa na wote wakainuka. Walipotoka ndipo akasema kwamba hakumsomesha mtoto ili akamfulie mzibua vyoo, na kwamba anayetaka kumfuata amfuate, asirudi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Yule aliyejikwaa alikuwa na binti wa miaka ishirini na mmoja mwenye kiburi kama cha mama yake. Hakurudi.

Jumamosi saa mbili asubuhi binti alikuwa mlangoni mwa studio na rundo la fomu, na hakupita mtu bila kujaza. Jina, umri, ugonjwa wowote, dawa, chakula kinachomdhuru. Mstari wa mwisho uliuliza: mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura.

Mwanamitindo akajaza, msichana mrefu mwenye adabu aliyekuja na shangazi yake. Shangazi akajaza. Mpiga picha akanung'unika kwamba yeye amepiga picha vitani na hakujaza fomu, kisha akajaza. Mama Sindano akajaza kwa herufi kubwa kubwa, akamwandika kitinda mimba.

"Nishikie faili hili, mama, nikaangalie nyaya."

Mtu akishikishwa faili atafanya nini kama si kulifungua? Fomu ya juu kabisa ilikuwa ya kitinda mimba mwenyewe. Mama akaipitia kwa fahari, jinsi mwandiko ulivyonyooka, mpaka mstari wa mwisho. Mtu wa kupigiwa simu: dada yangu. Na namba.

Akaisoma namba ile tarakimu kwa tarakimu. Kwa hiyo walikuwa wakizungumza. Pengine siku zote, pengine kutoka chumba cha pili, yeye akiwa kwenye cherehani. Akafunga faili, akaliweka mapajani, akaliegemeza tumboni kwa mikono yote miwili. Kilichomuuma kwanza ni kudanganywa. Kilichofuata kilimuuma zaidi, maana kilikuwa furaha: mtoto yuko hai, ana simu, na akipigiwa atapokea.

"Mama," binti akaita. "Tuko tayari. Anza na la kwanza."

Nyuma ya pazia mwanamitindo akainua mikono, gauni likateremka vizuri mpaka kifuani, hapo likagoma. Mama Sindano akalivuta. Likashuka, mshono ukalia.

"Toa pumzi, mwanangu."

"Nimeshaitoa yote, mama."

Mgongoni kulikuwa na vifungo thelathini na viwili vya kitambaa, kila kimoja kimezungushwa kwa mkono, na hivyo vifungo ndivyo vilivyowavutia watu wa duka. Kati ya vifungo na matundu yake palibaki uwazi wa vidole vinne. Wakajaribu la pili. Wakajaribu la tatu. Msichana hakuwa mnene. Alikuwa na mabega ya muogeleaji na kiwiliwili kirefu, na kiuno cha gauni kilimkaa mbavuni.

Alipotokeza nje ya pazia, mpiga picha akazunguka nyuma yake akapapasa kidevu. "Gauni likipwaya tunabana kwa vibanio, kamera haijui. Hili halibaniki. Hili linataka kuongezwa."

"Fumua mishono, mama," binti akasema. "Tuna saa tano."

"Hakuna cha kufumua."

"Si kuna akiba ndani ya mshono? Hukuacha?"

"Nilikata mpaka ukingoni."

Shangazi wa mwanamitindo alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya maji ya kunywa. Akasema chini kwa chini, lakini chini isiyotosha, "Fundi gani huyu anashona bila kupima mtu?" Mama Sindano alilisikia neno hilo lote. Miaka thelathini hakuna aliyewahi kumwambia. Akavishikashika vifungo vya gauni kama anayetafuta kilicholegea.

Binti akamvuta kando, karibu na mtungi wa kuzimia moto.

"Uliniambia vipimo vipo."

"Vipo."

"Vya nani?"

Mama akageuza macho kwa mwanamitindo. Binti akalitazama gauni kwa mbali, bega la kushoto, kiuno, akavuta pumzi polepole. Siku zote hizo lile sanamu lilikuwa kwenye kona na yeye akipita kando yake kwenda kuoga.

"Mama. Magauni yote sita?"

"Mpigie."

"Nimpigie nani?"

"Uliyemwandika."

Binti akataka kujieleza. Mama akainua kiganja. "Sijakuuliza kitu. Nimesema mpigie. Mwambie ni dharura, si ndivyo ilivyoandikwa?"

Binti akatoka nje na simu. Alikaa huko muda wa kutosha mtu kupiga pasi gauni zima, na Mama Sindano alilipiga. Aliporudi hakuwa na uso wa kusomeka.

"Atakuja. Saa nane. Ila saa tisa lazima awe ameondoka."

"Kwa nini saa tisa?"

"Atakuambia mwenyewe."

Wakati wa kungoja wakafanya kilichowezekana. Mwanamitindo alisimama mbele ya kitambaa cheupe huku gauni likiwa wazi mgongoni, akatazama kamera kana kwamba nyuma yake hakuna tatizo duniani. Zikapigwa picha za mbele za magauni matano. Alikula, alipumzika, hakuna aliyejikwaa wala taa iliyotikisika. Mpango ule ulikwenda kama ulivyoandikwa isipokuwa mstari mmoja, na kwa ajili ya mstari huo picha za nyuma, ambazo duka lilikuwa likizingoja, hazikuwezekana. Mama Sindano hakuwa akilifikiria duka. Kila mlango ulipolia alishika futi iliyoning'inia shingoni mwake.

Saa nane na dakika tano mlango ukafunguka.

"Jaza kwanza," kitinda mimba akasema mlangoni.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, dada."

Sauti ilikuwa ileile. Mama Sindano alikwishaingia nyuma ya pazia, maana alijua sheria ya pazia: mvishaji na mvaaji, basi. Hakutaka kukutana naye mbele ya watu. Gauni la sita alikuwa amelishika mkononi, lile la kijani, ambalo halijajaribiwa na mtu. Pazia likafunguliwa, likafungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Wakatazamana. Kifungua mimba alikuwa amevaa kanga juu ya blauzi ya kazini, na uso umekuwa wa mtu mzima. Mama akalikung'uta gauni la kijani, ingawa halikuwa na vumbi.

"Haya, vua," akasema.

Kifungua mimba akacheka kidogo kwa pua. "Hujabadilika."

Akavua akabaki na nguo za ndani. Mama akainama kumshikia gauni aingize miguu, na hapo, chini ya kitovu, akaliona kovu. Lilishuka wima, jeusi, limepinda katikati na kujikunja upande mmoja. Mama Sindano akalitazama kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine.

"Nani alikushona hivi?"

"Daktari."

"Aliharakisha."

"Kulikuwa na haraka."

Gauni likapanda mapajani, likafika nyongani, likasimama hapohapo. Vidole vya mama vikaenda vyenyewe, nyonga ya kulia, ya kushoto, kiuno. Hakuhitaji futi. Wateja wake wengi walikuwa wamemjia wakisema nimenenepa tu, Mama Sindano, na yeye aliwajua kabla hawajamaliza kusema. Mwili huu ulikuwa umebeba mtoto, ukamzaa kwa kisu, ukanyonyesha. Mwili aliokuwa akiushonea ulikuwa haupo tena duniani.

"Lini?"

"Atatimiza miaka mitatu mwezi ujao."

"Ni..."

"Msichana."

Mama akapiga magoti palepale, gauni mkononi. "Ulikuwa na nani?"

"Mume wangu. Na mdogo wangu, alikuja baada ya kazi." Binti alizungumza akiitazama pasi, siyo yeye. "Hospitali nao wana fomu kama hizi za leo. Niliandika namba yako, mama. Halafu nikaikata."

Mama Sindano akalia, na alilia bila sauti, kwa aibu ya mpiga picha na shangazi wa watu walio hatua tano upande wa pili. Alijuta, alijuta mpaka meno yakamuuma. Binti hakumshika, lakini hakuondoka pia. Alisimama gauni likiwa nyongani akangoja.

"Cherehani ile," mama akasema. "Siku ile. Nilipaswa kuisimamisha."

"Ndiyo."

"Walikuwa wageni wangu. Yule mzee alikohoa."

"Bado anaisimulia. Siku hizi anacheka."

"Mtoto anajua ana bibi?"

"Ana bibi. Mama mkwe amekaa naye tangu siku ya kwanza. Leo ana mkutano, ndiyo maana saa tisa lazima nikamchukue mtoto." Alilisema bila sumu yoyote, na kwa kukosa sumu likaingia ndani zaidi. Kiti cha bibi kilikuwa na mtu.

Mama akajifuta kwa upindo wa gauni la kijani, hariri ile aliyoisaka miezi miwili. "Naweza kuja? Kumpima tu. Nimshonee. Nitakaa mlangoni."

Binti akafikiri. Alifikiri kweli, si kwa kumtesa. Uso wake ulionyesha akipita chumba kwa chumba ndani ya nyumba yake, akimtazama kila aliyemo.

"Bado, mama," akasema. "Niache niongee na mwenzangu. Bado."

"Sawa."

"Sijasema hapana."

"Nimesikia. Bado."

Nje mpiga picha akagonga stendi kwa ukucha. "Fundi, mwanga upo, gauni la sita liko tayari?"

Mama Sindano akatoa kipande cha chaki mfukoni. "Basi nionyeshe mimi hapa. Anafika wapi, akisimama wima?"

Binti akatazama chini, akaweka kiganja juu ya paja lake, chini kidogo ya nyonga, akakipandisha kidogo. "Hapa. Na nywele zikisukwa, hapa."

Mama akachora mstari mweupe juu ya hariri, pale kiganja kilipokuwa.

"Fundi?"

"Hili halipigwi picha," mama akajibu kupitia pazia.

Ikasikika kalamu ya kitinda mimba ikikata mstari kwenye ubao wake, na sauti yake ikimwambia mpiga picha anaweza kuzima taa moja, apunguze joto.

"Na mabega?" mama akauliza.

Binti akanyoosha viganja viwili mbele yake, vikitazamana, akavileta karibu, akavitenganisha tena kwa unene wa kidole, kama anayemshika mtoto aliyesimama kati yao. Mama Sindano akavuta futi shingoni. Akaishika kutoka kiganja kimoja mpaka cha pili, akaipima nafasi ile, akaipima mara ya pili, akaomba asitikise mikono.